Mungu wa Milele Habebwi

SOMO LA MWEZI: MUUMBA WA VYOTE

Masomo ya kusoma nyumbani kabla ya darasa: Mwanzo 1, Zaburi 90, Isaya 40 na 46, Ayubu 38, Waebrania 11:3.

Tunawasalimu nyote, mliotoka Kivu na Ituri, mliotoka Burundi, mliokuja kutoka Khartoum baada ya vita vilivyoanza tarehe 15 Aprili 2023, na ninyi mliorudi kutoka Kakuma na Uganda mkakuta kiwanja cha baba kina mtu mwingine. Mwezi huu tunasoma juu ya jambo la kwanza kabisa katika imani yetu, lile tunalolikiri Jumapili hata kabla hatujalitaja jina la Yesu: kwamba Mungu ni mmoja, hana mwanzo wala mwisho, na kila kilichopo kimetoka kwake.

Tumelizoea mno. Tulifundishwa tukiwa watoto na tunalisema tukiwaza mambo mengine. Lakini katika darasa la Biblia mama mmoja aliuliza swali lililotunyamazisha. Kwao, alisema, alikuwa akisali katika kanisa la matofali lililojengwa na babu zake, na makaburi ya wazee yako pembeni. Siku ya kukimbia aliacha kanisa, makaburi na shamba la mihogo. Akauliza: "Yule Mungu niliyekuwa nikimwomba pale, alikuja na mimi, au alibaki kulinda nyumba iliyokwisha chomwa?" Wengine walicheka kidogo. Yeye hakucheka. Tulifunga kwa maombi tukaondoka bila kumjibu, na somo hili ni deni lake.

WALIOULIZA KABLA YETU

Kwanza tumwambie mama kwamba hakuuliza upuuzi. Mwaka 586 kabla ya Kristo jeshi la Babeli liliteketeza Yerusalemu pamoja na hekalu, na watu wengi wakapelekwa uhamishoni mashariki. Haikuwa safari ya siku mbili. Miaka mingi baadaye, Ezra alipotoka Babeli kwenda Yerusalemu, alitumia miezi minne njiani (Ezra 7:9). Zaburi ya 137 inatuonyesha watu hao wameketi kando ya mito ya kigeni, vinanda wamevitundika mitini, wanashindwa kuimba nyimbo za kwao.

Siku zile mataifa mengi yaliamini kwamba kila mungu ana nchi yake. Mji ukianguka, basi na mungu wake ameshindwa. Wababeli walikuwa na hadithi yao ya uumbaji, nayo inajulikana leo kwa sababu vibao vya udongo vilivyoandikwa hadithi hiyo vilifukuliwa huko Ninawi, nchini Iraki, katika karne ya 19. Inasema kwamba mungu wao Marduk alipigana na Tiamat, mama wa bahari, akamuua, akaupasua mwili wake vipande viwili, na kipande kimoja akakifanya mbingu. Kisha mwanadamu akatengenezwa kwa damu ya mungu mwingine aliyeuawa, ili afanye kazi ngumu na miungu ipate kupumzika. Hadithi hiyo ilisomwa hekaluni kila sikukuu ya mwaka mpya. Hebu fikirini mkimbizi wa Kiyahudi anayeisikia. Anaambiwa kwamba dunia ilitoka katika vita, kwamba mwenye nguvu ndiye mwenye haki, na kwamba yeye alizaliwa awe mtumwa.

Sasa fungueni Mwanzo sura ya 1. Hakuna vita. Mungu anasema, na kitu kinakuwepo. Jua na mwezi, ambavyo Wababeli waliviabudu, hata majina havikupewa pale: vinaitwa tu mwanga mkubwa na mwanga mdogo, kama taa mbili zilizotundikwa ukutani. Na mtu hakutokana na damu ya mshindwa. Ameumbwa kwa mfano wa Mungu, mwanamume na mwanamke. Katika nchi zile mfalme ndiye aliyeitwa mfano wa mungu. Mwanzo inampa sifa hiyo hata mchunga mbuzi. Tena tazameni kwamba Adamu hana kabila. Taifa la Israeli halijatajwa popote katika sura ile.

Ndipo tunafika Isaya sura ya 40 na kuendelea, maneno yaliyoelekezwa kwa watu wa uhamishoni. Tumehesabu, na kwa maoni yetu hakuna sehemu nyingine ya manabii inayomtaja Mungu kuwa Muumba mara nyingi kama hii. Tungetegemea nabii awaambie wakimbizi habari za nyumbani tu. Lakini anawaambia watazame nyota usiku. Wao wanalalamika kwamba Mungu haioni njia yao (Isaya 40:27), naye anawajibu kwamba Mungu huyu ni wa milele, ameiumba dunia mpaka kingo zake, wala hachoki.

Ila kwetu sisi sura inayogusa zaidi ni ya 46. Nabii anaitazama miungu mikubwa ya Babeli, Beli na Nebo, siku ambayo nayo inakimbizwa. Inapakiwa juu ya wanyama, na wanyama wamechoka, wanapiga magoti. Miungu imekuwa mizigo! Wapendwa, sisi tunajua mzigo ni nini. Waliopita Renk wanakumbuka: mtoto mgongoni, jerikeni mkononi, vyeti vya shule vimefungwa kwenye mfuko wa plastiki, sufuria kubwa imeachwa kando ya barabara kwa sababu mikono imekwisha. Kila kitu tulichokuwa nacho, ama tulikibeba ama tulikiacha. Nabii anasema mungu anayebebwa ni kitu kimoja zaidi cha kuchosha. Halafu Bwana mwenyewe anasema na watu wake: yeye ndiye aliyewabeba tangu tumboni, na atawabeba mpaka nywele ziwe nyeupe (Isaya 46:3-4).

Kwa hiyo, mama, Mungu wako hakubaki kule kama nyumba, wala hukumleta huku kama sufuria. Alikuwa hapa Juba kabla lori lako halijafika. Udongo huu mwekundu tunaoukanyaga ni kazi yake sawasawa na ule wa shamba lako la mihogo.

KUUMBA NI KUFANYA NINI?

Kiswahili chetu kina neno zuri. Kutokana na kuumba tunapata umbo. Anayeumba anakipa kitu sura yake. Tukisikia neno hilo wengi tunamwona mfinyanzi na udongo wake, na Biblia nayo inatumia mfano huo (Mwanzo 2:7, Yeremia 18). Lakini mfano una mpaka wake, na kuna kisa cha jirani zetu Waacholi kinachoonyesha mpaka huo. Waacholi wako kaskazini mwa Uganda na wengine wako Magwi, hapa Sudan Kusini. Mwandishi Okot p'Bitek, Mwacholi wa Gulu aliyefariki mwaka 1982, alieleza kwamba mwaka 1911 mapadre wa Kiitaliano waliwauliza wazee nani aliyewaumba. Katika lugha yao hapakuwa na neno la kuumba kwa maana ile ya mapadre, kwa hiyo swali likawafikia wazee kama: nani aliyewafinyanga? Wazee wakaona ni swali la ajabu, maana mtu huzaliwa na mama. Walipozidi kuulizwa, mmoja akakumbuka kwamba wako watu ambao uti wa mgongo hupinda wakawa na kibyongo, na huyo anayewapinda huitwa Rubanga. Mapadre wakalichukua jina hilo, wakafundisha kwamba Rubanga ndiye Muumba.

Okot hakukisimulia kisa hiki ili kutuchekesha. Aliwalaumu wageni kwa kuwauliza Waafrika maswali ya Wagiriki. Profesa John Mbiti wa Kenya, kasisi wa Kianglikana aliyefariki mwaka 2019, aliona tofauti. Alikusanya habari za makabila zaidi ya 270 ya Afrika, akaandika kwamba kote Mungu anajulikana kuwa Muumba. Sisi si wasomi wa kuwaamua wazee hawa wawili. Tunachokiona hapa ni kwamba watu wamekuja na majina yao: Wabari, ambao nchi hii ya Juba ni yao, wanasema Ngun, Wadinka wanasema Nhialic, jina linalohusu juu, mbinguni, Wanuer wanasema Kuoth, Wazande wanasema Mbori. Ndugu zetu wa Burundi wanasema Imana, na wakimsifu wanamwita Rurema, yaani Muumba. Wanande wa Beni na Butembo wanasema Nyamuhanga, na jina hilo nalo linatoka katika neno la kuumba. Waacholi leo wanamwomba Baba wa Yesu kwa jina lile lile la Rubanga au Lubanga, naye anawasikia. Jina limebatizwa.

Turudi kwenye mpaka wa mfano wetu. Mfinyanzi hupata udongo mtoni. Hakuuleta yeye. Ukiwa na changarawe, chungu kitapasuka, na mfinyanzi atasema kosa si langu, udongo ni mbaya. Kama Mungu angekuwa hivyo, kungekuwa na kitu kingine cha milele pembeni yake, kitu asichokitawala. Kanisa limekataa. Mungu hakukuta kitu. Waebrania 11:3 inafundisha hivyo, na pia Warumi 4:17.

Lakini jueni ni nani katika Maandiko aliyelisema jambo hili waziwazi zaidi. Ni mama. Katika kitabu cha pili cha Wamakabayo, sura ya 7, mfalme mtesi anawaua vijana saba wa mama mmoja mbele ya macho yake kwa sababu hawataki kuiacha sheria ya Mungu. Akiwa amebakiwa na mtoto wa mwisho, mama anamwinamia, anamwambia kwa lugha ya kwao atazame mbingu na nchi na vyote vilivyomo, ajue kwamba Mungu alivifanya pasipo kitu chochote. Awali alikuwa amewaambia wanawe kwamba hata yeye hajui walivyotokea tumboni mwake. Yeye hakuwapa pumzi, na Aliyewapa anaweza kuwarudishia. (Ndugu zetu wengi wa Kiprotestanti hawana kitabu hiki katika Biblia zao. Waazime kwa jirani Mkatoliki, haidhuru.)

Mama yule alikuwa na mtoto mmoja aliyebaki hai kwa dakika chache. Hakuwa na nafasi ya kubishana habari za asili ya dunia. Aliishika imani ya Muumba kwa sababu ilikuwa njia pekee ya kusema kwamba wale sita hawajapotea. Asiye na kitu cha kuanzia anaweza kuwaita hata walio makaburini, yaani hata wale ambao wengine wetu hatukupata nafasi ya kuwazika.

WA MILELE

Watoto wa shule ya Jumapili wana swali lao: kama Mungu aliumba vyote, nani alimuumba Mungu? Walimu, msiwakemee. Wajibuni kwamba kila kitu kilichoanza kina aliyekianzisha. Mungu hakuanza. Mtoto atauliza tena: basi kabla ya kuumba alikuwa anafanya nini? Hilo nalo ni la zamani. Augustino, askofu wa Hippo katika Afrika Kaskazini, alilijadili miaka zaidi ya 1,600 iliyopita. Alijua kuna watu waliolijibu kwa mzaha kwamba Mungu alikuwa akiwatengenezea jehanamu wanaouliza sana, naye akakataa kujibu hivyo. Akasema wakati wenyewe, jana na leo na kesho, umeumbwa pamoja na dunia, kwa hiyo neno "kabla" halina mahali pa kusimama pale. Augustino huyo alifariki mwaka 430 wakati Wavandali wameuzingira mji wake, na ndani ya kuta wamejaa watu waliokimbia.

Zaburi ya 90 imeandikwa kuwa sala ya Musa. Musa alikuwa mkimbizi Midiani, kisha akakaa hemani jangwani, akafa bila kumiliki hata kiwanja. Ndiye anayemwita Mungu kuwa makazi ya watu wake tangu enzi za mababu, tena aliyekuwepo kabla milima haijazaliwa. Sisi hapa tunauona Jebel Kujur. Ukiutazama kutoka mbali unadhani huo ndio umilele wenyewe. Lakini kina mama wa Juba wanajua zaidi. Wapo waliolisha watoto kwa kuvunja mawe na kuyauza kuwa kokoto, ndoo kwa ndoo, nyundo mkononi. Mlima unapungua. Mungu hapungui.

Tuongeze habari moja ya mto wetu. Maji ya Nile yanayopita hapa Juba yanakwenda Khartoum, yanavuka Misri, yanaingia baharini karibu na Aleksandria. Katika mji huo, karne ya nne, padri aliyeitwa Arius alifundisha kwamba Mwana wa Mungu ameumbwa, kwamba palikuwa na wakati ambapo hakuwepo. Maaskofu walikutana Nikea mwaka 325, wakamkataa, na mwaka 2025 makanisa mengi duniani yaliadhimisha miaka 1,700 ya mkutano huo. Aliyeitetea imani hiyo kuliko wote ni Athanasio, baadaye askofu wa Aleksandria. Alifukuzwa katika mji wake mara tano, akaishi uhamishoni jumla ya miaka kama 17, mingine akijificha kwa watawa wa jangwani huko Misri. Kwa nini aliteseka hivyo kwa ajili ya neno moja? Alisema kama Yesu ni kiumbe, basi kiumbe hakiwezi kumwokoa kiumbe mwenzake. Aliyetuumba ndiye tu anayeweza kutuumba upya. Yohana 1 inaanza na Neno aliyefanya vyote, na mistari michache baadaye Neno huyo amepiga hema kati yetu. Mathayo 2 inatuambia kwamba akiwa mtoto alipelekwa Misri usiku, akimkimbia Herode.

JE, NA VITA NAVYO ALIUMBA?

Hapa tungependa kupita haraka, lakini hatutapita. Tukisema ameumba vyote, mtu atauliza habari za bunduki, kipindupindu, na mtoto aliyefia njiani. Na Isaya 45:7 pana neno gumu: Mungu anajitaja kuwa mwenye kufanya nuru na giza, amani na pia maafa. Tunalielewa hivi: hakuna miungu wawili, mmoja wa mema na mwingine wa mabaya, wanaogawana dunia kama majenerali wanavyogawana majimbo. Hakuna mahali tulipopita ambapo Mungu alikuwa mgeni. Ila ubaya wenyewe si kitu kilichoumbwa. Augustino alifundisha kwamba ubaya ni uharibifu wa kilicho chema. Chukueni mfano wa kutu kwenye panga. Kutu haiwezi kukaa peke yake, lazima kwanza kuwe na chuma kizuri cha kuliwa. Mikono iliyochoma nyumba zetu iliumbwa mizuri.

Hayo ni maelezo. Tunayaamini, lakini tunawaomba wahubiri wasiyapeleke msibani. Marafiki wa Ayubu walikaa naye chini siku saba bila kusema neno (Ayubu 2:13), na tukisoma kitabu chote tunaona hilo ndilo jambo jema zaidi walilofanya. Walipofungua midomo wakaharibu. Mungu mwenyewe alipomjibu Ayubu hakumweleza kwa nini watoto wake walikufa. Alimwonyesha kazi zake: misingi ya dunia, mvua inayonyesha jangwani pasipo watu, mbuzi wa mwituni akizaa, Kilimia na Orioni angani. Wakulima mnaijua Kilimia, nyota zinazomwambia mtu wakati wa kulima umefika. Kwa nini haya na si sababu? Sisi hatujui. Tunaona tu kwamba Ayubu alitosheka, na kwamba Mungu alisema aliyelalamika amenena vema kuliko waliomtetea (Ayubu 42:7).

Liko neno moja linalouma zaidi. Kama Mungu ameumba wote, basi ameumba na yule aliyetufukuza. Desemba 2013 hapa hapa Juba watu waliwindwa kwa kabila lao. Tangu mwaka 2023 mambo ya namna hiyo yametokea Darfur. Wengine wetu tunasimama katika foleni moja ya maji na watu wa lugha ya wale waliotuumiza. Paulo aliwaambia watu wa Athene kwamba mataifa yote yametoka kwa mtu mmoja (Matendo 17:26). Hatusemi kwamba haki isitafutwe. Mwanzo 9:6 inafundisha kinyume: damu ya mtu ina dai kwa sababu ya mfano wa Mungu ulio ndani yake, na aliyeimwaga atajibu. Lakini dai hilo linamlinda hata mtoto wa adui anayekinga jerikeni nyuma yako. Baadhi yetu tunaoandika somo hili bado hatuwezi kumsalimu jirani fulani. Tunaliandika tukijua hivyo.

MASWALI YA KUZUNGUMZA NYUMBANI

Wazazi, waulizeni watoto wanamwitaje Mungu katika lugha ya bibi, na jina hilo maana yake nini. Someni Isaya 46:1-4, kila mtu ataje kitu kimoja alichokibeba siku ya kukimbia na kimoja alichokiacha. Waliofiwa, wasomewe 2 Wamakabayo 7:20-29, wakitaka. Na kila mmoja afikiri, hata kama hatasema kwa sauti, ni nani katika makazi haya anayeona vigumu kuamini kwamba Mungu alimuumba.

Mama aliyeuliza swali ameombwa aanze yeye kuzungumza katika darasa lijalo. Amekubali, ila amesema ana swali jingine. Darasa ni Jumatano jioni, chini ya turubai, baada ya maji kufungwa. Mwenye taa ya sola aje nayo.